Barua na Majibu: Mjini Hakuna Anayekuuliza U Mtoto wa Nani

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wa Mtwara na Lindi watueleze mji mkubwa unawapa nini na unawanyima nini. Tuliwauliza waliouhama, waliouhamia, na hata wale wanaousikia kwa simu tu. Barua zilizofika zimezidi nafasi tuliyo nayo. Nimechagua nne, na sikuzichagua kwa uzuri wa mwandiko. Kila mmoja wa waandishi hawa alionekana bado anabishana na nafsi yake alipokuwa anaandika. Majina nimeyahifadhi kama walivyoomba.

Shikamoo Mama. Nina umri wa miaka 23, ninaishi Tandahimba. Kaka yangu anauza nguo Kariakoo na amepanga Mbagala. Kila Desemba anakuja na viatu vipya na maneno mapya, na watu wanamzunguka barazani mpaka usiku. Baba ananiambia nibaki, kwa sababu amenigawia mikorosho 40 iliyokwisha kuanza kuzaa. Kubaki ninaweza, ila kinachoniuma ni kwamba hapa kijana aliyebaki anahesabiwa ameshindwa hata kabla hajajaribu. Niende au nibaki?

Marahaba, mwanangu. Umeniuliza habari ya Dar es Salaam, lakini nikiisoma barua yako naona baraza limekusumbua kuliko Kariakoo. Nitalirudia hilo la baraza. Kwanza tupige hesabu, kwa kuwa hesabu ni nyepesi kuliko aibu.

Tuseme chumba kimoja cha kupanga huko anakoishi kaka yako ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Wenye nyumba wengi hawapokei kodi ya mwezi mmoja. Wanataka ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali aliyekuonyesha chumba naye anachukua ya mwezi mmoja kama ujira wake. Kwa hiyo kabla hujaweka godoro chini umekwisha kutoa shilingi 350,000. Ndani ya nyumba hiyo mtakuwa wapangaji sita au saba mnaotumia mita moja ya umeme, na hapo ndipo utakapoujua mji. LUKU ikiisha saa mbili usiku, kila mlango unafunguka kidogo, kila mtu anachungulia, na kila mmoja anamngoja mwenzake akiri kwamba zamu ni yake. Mwenye pasi atalaumiwa, mwenye jokofu atalaumiwa zaidi, na wewe mwenye taa moja na chaja ya simu utachangia sawa nao mpaka utakapojifunza kubishana. Ndiyo maana watu husema mjini shule, na ndiyo maana jiji lenyewe wakalibandika jina la Bongo, mahali ambapo asiyetumia ubongo analala na njaa.

Sasa weka mikorosho yako kwenye mizani. Kwa mfano tu, mti mmoja ukikupa kilo 10, mikorosho 40 inakupa kilo 400, na kwa bei ya shilingi 2,500 hiyo ni milioni moja, kabla hujatoa gharama za palizi, za salfa na za kukodi mashine ya kupulizia, na kabla ya makato ya chama cha msingi. Fedha hiyo haiji kila mwezi, inakuja kwa msimu, na msimu una vituko vyake. Utakuwa unaukumbuka ule wa mwaka 2018, ambapo wanunuzi walitaka kulipa chini ya shilingi 3,000 kwa kilo, Serikali ikaamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300, na magari ya jeshi yakaja kuzisomba. Muulize baba yako alivyokaa akingoja malipo. Sitakudanganya kwamba shamba ni benki.

Hesabu hizi mbili, hata ukizipanga vizuri namna gani, hazitoshi kukuamulia, kwa sababu jambo kubwa kuhusu mji halimo ndani yake. Mimi niliondoka Mitwero, hapa Lindi, mwaka 1981. Tulipanda lori, tukavuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na nilifika Temeke nina vumbi mpaka kwenye kope. Asubuhi ya kwanza nilikwenda kununua vitumbua. Mama muuzaji akaniuliza, "Vingapi?" Basi. Hakuuliza mimi ni mtoto wa nani, wala mama yangu anatoka upande gani, wala nimefikia kwa nani. Nilivila vile vitumbua nikitembea barabarani, jambo ambalo kwetu binti asingelithubutu, na sijapata kula chakula kitamu kama kile. Miezi mitatu baadaye nilishikwa na malaria, nikalala siku mbili bila mtu kubisha hodi, na ukimya ule ule niliokuwa nikiufurahia ukaanza kunitisha. Aliyekuja kunitazama hatimaye ni mpangaji wa chumba cha pili, na alikuja kwa sababu aliona ndoo yangu haijasogea kwenye foleni ya bomba. Jina langu alikuwa halijui. Ndoo alikuwa anaijua.

Kuhusu baraza, nikukumbushe jambo ambalo hukuliona. Mwaka 1983, nikiwa bado Temeke, ilitungwa sheria ya Nguvu Kazi, na watu walioshindwa kuonyesha kwamba wana kazi walikamatwa mjini na kurudishwa vijijini wakalime. Siku hizo mwenye kitambulisho cha kazi mfukoni alitembea kifua mbele, na aliyezurura mjini ndiye aliyeonekana ameshindwa. Leo aibu imehamia kwa aliyebaki shambani. Kitu kinachohama namna hiyo ndani ya umri wa mtu mmoja, mimi singekipa ruhusa ya kunichagulia pa kuishi.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka kwenda nenda, ila nenda baada ya msimu, ukiwa na fedha yako ya kula ya miezi miwili na nauli ya kurudi ambayo huigusi. Patana na baba, mbele ya mjomba, nani atapalilia na nani atapulizia wakati haupo, na mavuno mtagawana vipi. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003, kwenda Dar es Salaam si tena kuaga kama sisi tulivyoaga; mtu anaondoka Mtwara alfajiri na jioni anakula Mbagala, na akishindwa anarudi bila kungoja kivuko. Jambo la mwisho: kaka yako akija Desemba, viatu vyake visifu, kisha mwombe faraghani akuonyeshe risiti za kodi. Kama ni kaka wa kweli, atakuonyesha.

Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimezaliwa na kukulia Kinondoni, na sasa ni mwaka wa pili tangu nipangiwe kazi Lindi. Bahari ni nzuri na nauli za bajaji hazinitoi jasho, lakini nahisi ninaishi ndani ya chupa. Nikinunua samaki ufukweni, kesho yake jirani wa nyumba ya tatu ananiuliza kama yule changu nilimkaanga au nilimtia nazi. Wanataka kujua kwetu ni wapi, baba anafanya kazi gani, na kwa nini sijaolewa. Lindi ni kijiji kikubwa kinachojiita mji. Nifanyeje nisiugue moyo?

Marahaba, Mwalimu. Nianze kwa kujitetea, kisha nikutetee wewe.

Hicho unachokiita kijiji kikubwa kilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini mpaka yalipohamishiwa Mtwara mwaka 1952, na ukipanda basi kuelekea Kilwa utakuwa unalielekea eneo ambalo Ibn Battuta alilifikia mwaka 1331 akaliandika miongoni mwa miji mizuri aliyoiona, wakati ambapo hapo Kinondoni hapakuwa na mji wowote. Watu wa pwani hii wanajua kukaa mjini tangu zamani. Lugha yenyewe inashuhudia: wakunga wetu walipozungumzia tumbo la uzazi walisema mji wa mimba, kana kwamba mtu hukaa mjini kabla hajazaliwa. Nimemaliza kujitetea.

Sasa hilo la changu. Kwenu mtu anajifunza kutoona. Katika daladala mnabanana bega kwa bega, pumzi ya mwenzako iko shingoni kwako, na adabu ni kujifanya hayupo, kwa sababu katika mkoa ambao sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728, mtu akitaka kumjua kila anayekutana naye atarukwa na akili kabla ya saa sita mchana. Mkoa wetu wa Lindi unaizidi Dar es Salaam kwa eneo zaidi ya mara 40, na watu wake mwaka huo walikuwa 1,194,028. Huku mgeni anaonekana. Na akionekana, watu wanatafuta uzi wa kumfungia, ndiyo maana ya kuulizwa kwenu wapi na baba nani. Hawakuchunguzi kama polisi. Wanatafuta mahali pa kukuweka, ili siku ukianguka njiani wajue wampigie nani simu. Ukiwapa jibu moja lililonyooka, tena wewe mwenyewe ukaanza kuwauliza wao, utashangaa maswali yanavyopungua. Jaribu pia kuwasalimia waliokaa barazani kabla wao hawajakusalimia. Kinondoni ukimwamkia kila mtu mtaani wataona una kasoro. Hapa usipowaamkia, kasoro yako wataipata tu, na wataijadili jioni.

Lakini sikubaliani na wale wanaoandika kwamba miji midogo ina upendo na mikubwa haina. Kujulikana kuna gharama, na anayeilipa zaidi ni mwanamke. Aliyeachika mara mbili, asiyepata mtoto, aliyechagua kuishi peke yake, hao wote mji mdogo unawajua kwa hilo moja, na utalikumbuka hata wakifanya mengine mia. Nawafahamu wanawake kadhaa waliopanda basi la Dar es Salaam bila shida yoyote ya fedha. Walitaka tu kuishi mahali ambapo mtu akiwatazama anaona mwanamke aliyevaa gauni la bluu, haoni kesi. Siwalaumu hata kidogo.

Kwa hiyo swali la ndoa huna deni nalo. Sema, "Mungu akipenda, mama, nitakuletea kadi kwa mkono wangu," kisha papo hapo uliza bei ya pweza imefikia ngapi. Watu wa pwani hawawezi kuliacha swali la bei ya pweza likapita.

Ndugu Mjibu Barua. Mimi ni Mmachinga. Nina maana ya kabila: wazee wangu ni wa Mchinga, pale Lindi. Ninafanya kazi ya uhasibu Dar es Salaam. Kila ninapotaja kabila langu wenzangu wanacheka na kuniuliza nauza nini. Siku hizi nikiulizwa nasema tu kwamba natoka kusini. Nafanya vibaya?

Huna kosa ndugu yangu, ila umewaachia kitu chako bure.

Maelezo yanayojulikana zaidi ni kwamba vijana kutoka Lindi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonekana kwa wingi Dar es Salaam wakitembeza bidhaa mkononi, na wenyeji wa jiji, ambao kwa kawaida hawaulizi mtu ni mtoto wa nani, waliona bidhaa na kusikia jina, wakaviunganisha. Tangu hapo Msukuma aliyepanga miwani ya jua Mwanza ni machinga, na Mchaga aliyetandika viatu Arusha ni machinga. Jina likapanda mpaka kwenye jengo la biashara pale Ilala linaloitwa Machinga Complex, likaingia katika habari za vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo vilivyoanza kutolewa mwishoni mwa mwaka 2018 kwa shilingi 20,000 kila kimoja, na mwaka 2021, walipoondolewa pembezoni mwa barabara na kupelekwa kwenye maeneo waliyotengewa, nchi nzima ilikuwa inalitaja jina la babu yako kutwa mara tatu bila kujua kwamba ni la babu yako.

Nakiri linachekesha kidogo, na wewe ukiweza ulicheke kwanza. Lakini usilifiche. Wakikuuliza unauza nini, wajibu kwamba jina ndilo unalouza, na wao wamekuwa wakilitumia miaka yote bila kulipa. Mhasibu atajua namna ya kuwaandikia ankara.

Assalaam aleikum. Nina miaka 74, ninaishi Mikindani. Mdogo wangu alikwenda Dar es Salaam akiwa kijana na akaishi Mbagala zaidi ya miaka 30, akipanga nyumba ile ile. Hakujenga huko, na alisema siku zote kwamba anarudi. Miezi hii amefariki. Simu ilipigwa alfajiri, tukapanda basi, na tulipokuwa tunalikaribia Daraja la Mkapa tukaarifiwa kwamba amekwisha zikwa baada ya adhuhuri. Nilifika nikiwa na hasira kwamba ndugu yangu amezikwa na watu baki. Nikakuta uani watu hawana hata pa kukaa. Wengi hawakujua jina la baba yetu. Walikuwa wakimwita Mzee Mtwara, na mimi ilibidi nijieleze mlangoni kwamba ni kaka yake. Tangu siku hiyo najiuliza: kule yeye alikuwa mgeni, au mgeni nilikuwa mimi? Na arobaini tuisomee wapi?

Waaleikum salaam, kaka, na shikamoo. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu na akupe subira.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilisimama pale mlangoni ulipojieleza. Huo ni mzigo mzito kwa mtu ambaye hapo Mikindani hajawahi kujieleza kwa yeyote. Mlangoni hapo mgeni ulikuwa wewe, sina namna ya kulipamba. Lakini hukunyang'anywa ndugu. Dini yetu inahimiza maiti asicheleweshwe, na majirani walifanya lile ambalo nanyi mngelifanya kama mtu wa Mbagala angefia kwenu.

Nimeandika huko juu kwamba mjini hakuna anayekuuliza u mtoto wa nani. Mdogo wako aliishi miaka 30 bila kuulizwa, na huenda mwanzoni alilifurahia kama nilivyofurahia mimi vitumbua vyangu. Baadaye watu walitafuta la kumwita, na kwa kuwa ukoo wake hawakuujua, walichukua kile alichokitaja kila siku. Mtu haitwi Mzee Mtwara mahali ambapo hajapataja Mtwara mpaka wenzake wakachoka kusikia. Alisema anarudi, na kila alipolisema walimsikia.

Arobaini isomeeni Mikindani, hilo ni haki ya ukoo, na watoto wa nyumbani wanahitaji kuona kwamba msiba umefika kwao pia. Ila kabla ya siku hiyo ningeomba urudi Mbagala, safari hii bila hasira, wewe na kijana mmoja wa kukushika mkono. Nenda kwa mjumbe au kwa wazee wa msikiti wake, uwashukuru waliobeba jeneza, na uwaalike watakaoweza kusafiri. Wachache watakuja, nauli si ndogo, lakini mwaliko uwafikie.

Ukiwa huko, omba uonyeshwe daftari la rambirambi. Katika mitaa ile kila msiba una daftari, jina na kiasi, jina na kiasi, na mara nyingi ni lile lile linalotumika msiba hadi msiba mpaka kurasa zinapokwisha. Watakuonyesha kurasa za msiba wa mdogo wako, nawe utasoma majina ya watu usiowajua mmoja baada ya mwingine. Ukimaliza, mwombe mwenye daftari akufungulie kurasa za nyuma, za misiba ya miaka iliyopita, ya watu ambao wewe hukuwahi kusikia habari zao. Jina la baba yenu usilitafute humo, hutalikuta. Tafuta palipoandikwa Mzee Mtwara.